Pikapu ya Baba Mdogo na Ugonjwa wa Kuzimika Njiani

Najua umefungua jarida hili la chama chetu ukitarajia mashairi, vitendawili na zile insha ambazo mwishoni mtu huamka na kugundua kuwa alikuwa akiota. Mimi sina ndoto ya kukusimulia. Nataka kukueleza jinsi ya kumsaka mwizi anayeiba nguvu za gari kuukuu katikati ya safari, kisha akatoweka kabla fundi hajafika. Usigeuze ukurasa ukisema hayo ni mambo ya watu wa gereji. Mwizi huyo nusura aninyime karo ya muhula wa tatu, na nilipomkamata, lo! nilikuwa namfahamu sana.

Baba mdogo ana pikapu ya Peugeot 504, ya petroli, iliyozaliwa kabla yangu mimi. Wazee wanaokumbuka Safari Rally ya mwaka 1975 watakwambia kwamba 504 ndiyo iliyompa ushindi Ove Andersson kutoka Uswidi. Ya baba mdogo haijashinda kitu. Kazi yake ni kubeba samaki kutoka ufuoni hadi Kisumu, na kurudi Kombewa ikiwa na unga, sabuni na saruji ya wenye maduka. Mama huuza mbuta na ngege, na samaki wake husafiri kwenye pikapu hiyo ndani ya sanduku la barafu. Kwa hivyo pikapu ikilala njiani, barafu inayeyuka, samaki wanalegea macho, na wanunuzi wa Kibuye wanataja bei ya kukutoa machozi. Karo yangu imo ndani ya sanduku hilo.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Mei. Pikapu ilitoka Kombewa ikinguruma vizuri, ikapita Holo, halafu ikaanza kurukaruka kama punda aliyechoka na mzigo. Ilikohoa mara tatu, ikazima. Baba mdogo akapiga stata, wapi! Tukakaa kando ya barabara kama robo saa hivi. Akajaribu tena, ikawaka, tukafika Kisumu salama salimini. Wiki nzima ikapita bila neno. Tukasema labda ni uchafu kidogo wa mafuta, umepita. Jumamosi iliyofuata ikazima tena.

Siku niliyoogopa ni ile ya Kisian. Hapo barabara yetu inayotoka Bondo hukutana na ile ya Busia, na malori ya masafa marefu hayana subira. Pikapu ilizima tukiwa tumeingia nusu kwenye makutano. Ikumbukwe kwamba gari ambalo breki zake husaidiwa na mvuto wa injini hubaki na msaada huo kwa kukanyaga mara moja au mbili tu baada ya injini kuzima. Baada ya hapo kanyagio huwa gumu kama jiwe. Breki bado zipo, lakini unatakiwa kukanyaga kwa nguvu zako zote. Lori moja lilitupigia honi hadi masikio yakaziba, likatukwepa kwa upana wa kiganja. Mama alikuwa nyuma na sanduku lake. Hakusema neno mpaka tulipofika sokoni, na hapo akasema hataki tena kupanda kitu hicho.

Mafundi walianza kuita. Wa kwanza alituona kando ya barabara. Akafungua nailoni ya tangi, akachungulia, akasema mafuta yapo. Akafunga. Akapiga stata, gari likawaka. "Hiyo ni koili, mzee. Ikishika moto inakufa, ikipoa inafufuka." Maneno yake hayakuwa ya kipuuzi, kama nitakavyoeleza. Koili mpya ikanunuliwa, na kwa majuma mawili pikapu haikuzima hata mara moja. Baba mdogo alimsifu fundi huyo kijiji kizima. Juma la tatu, ikazima.

Fundi wa pili, mjini, alifungua nailoni, akachungulia tangi, akaiacha injini ikinguruma papo hapo gereji kwa muda wa saa nzima. Haikuzima. Akasema pampu ya petroli imechoka, akaweka nyingine. Wa tatu alitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema, "Hii injini inataka kufunguliwa yote." Bei aliyotaja ilimfanya baba mdogo aanze kumtazama fahali wake mmoja kwa jicho la huzuni. Yeye na mama walikuwa wameshakubaliana kwamba pesa za karo yangu zitangulie kwa injini, na mimi nikae nyumbani mwezi mmoja hivi.

Hapo ndipo dani, yaani nyanya yangu, alipotuma tumwone mzee mmoja wa pale sokoni Kombewa. Mzee huyu alitengeneza magari Kisumu kwa miaka mingi na sasa amestaafu, hukaa chini ya mti akirekebisha baiskeli. Nilidhani atafungua boneti. Hakuigusa. Alimwambia baba mdogo aketi, kisha akaanza kuuliza maswali.

"Inazima aje? Kama taa imezimwa, ama kama mtu anakufa na kikohozi?"

"Kikohozi, mzee. Inarukaruka kwanza."

"Iko na mzigo?"

"Wakati mwingine."

"Ikiwa na mafuta mengi ama kidogo?"

Baba mdogo hakujua. Nani huangalia hilo? Mzee akacheka, akanigeukia mimi. "Nyathina, wewe unajua kuandika? Sawa. Nunua daftari."

Kabla sijafika kwenye daftari, wacha nieleze kwa nini swali lake la kwanza lilikuwa na maana. Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: mchanganyiko wa petroli na hewa, cheche ya kuuwasha kwa wakati wake, na mbano wa kutosha ndani ya silinda. Mbano haupotei saa nne na kurudi saa nne na robo. Pete za pistoni zilizoisha hubaki zimeisha. Kwa hivyo yule aliyetaka kufungua injini yote alikuwa akitibu mguu wa mtu anayeumwa na jino. Wanaobaki kushukiwa ni wawili, cheche na petroli, na kila mmoja huua kwa namna yake.

Cheche ikikatika, gari hufa ghafla. Injini ilikuwa ikinguruma, sasa kimya, kama mtu amezungusha ufunguo. Koili ni nyaya nyembamba sana zilizozungushwa mara maelfu. Kazi yake ni kuugeuza umeme mdogo wa betri kuwa umeme wa nguvu unaoweza kuruka kwenye plagi. Ikizeeka, joto huipanua na mahali fulani ndani hukatika au hugusana, ikipoa hurudi. Ndiyo maana fundi wa kwanza aliisingizia. Waya uliolegea, pointi zilizoungua ndani ya distributa, kondensa mbovu, hata swichi ya ufunguo iliyochakaa, wote hao huua kwa ghafla, na mara nyingi kwenye shimo la barabara.

Petroli ikikosekana, gari hufa polepole. Ndani ya kabureta kuna kibakuli kidogo cha akiba. Pampu ikishindwa kukijaza, injini huendelea kunywa kilichobaki, kisha huanza kupata hewa nyingi kuliko mafuta. Hapo ndipo kukohoa na kurukaruka huja, hasa ukikanyaga mafuta. Sababu zake ni nyingi: filta iliyoziba, kutu na takataka ndani ya tangi zinazokwenda kuziba mdomo wa paipu kisha zikaanguka injini ikizima, paipu ya mpira iliyopasuka inayovuta hewa, au petroli inayochemka ndani ya paipu iliyopita karibu na ekzosi jua likiwa kali.

Unaona basi kwamba kabla ya kushika spana hata moja, jibu la "kikohozi" lilikuwa limeshaiachilia huru ile koili. Pesa za koili zilikuwa zimekwenda bure kwa sababu hatukuulizwa swali moja.

Sasa daftari. Mzee aliniagiza niandike kila safari, hata ile ambayo gari halikuzima, na hasa hiyo. Tarehe, saa tuliyotoka, mzigo, mafuta yaliyomo tangini, mahali ilipozima, ilivyozima, na dakika ilizokaa kabla ya kuwaka tena. Alinipa pia mpango wa kufuata ikizima, na akasisitiza ufuatwe hivyo hivyo. Kwanza gari lisukumwe nje ya barabara na pembetatu za onyo ziwekwe nyuma. Pili, tuchomoe waya wa plagi moja kwa kitambaa kikavu, tuingize plagi ya akiba, tuilaze kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, mtu apige stata, tuone kama cheche inaruka. Tatu, tutoe kifuniko cha kabureta, tuvute ule mkono wa mafuta na kuchungulia kama petroli inatiririka ndani. Asiwepo mtu wa sigara karibu.

"Na tangi," akasema, "ni ya mwisho. Msifungue tangi mpaka mmemaliza hizo zote. Mkifungua, fungueni polepole, na mnyamaze."

Sikumwelewa. Nilidhani ni mambo ya wazee.

Ilikuwa likizo ya Agosti, kwa hivyo niliweza kwenda karibu kila safari. Kufikia mwisho wa majuma matatu nilikuwa nimeandika safari kumi na nne. Pikapu ilizima mara sita. Nilikaa chini usiku na rula, nikapiga mistari kama ya daftari la maabara, nikatazama. Jua kali au mawingu, haikujali. Mzigo mzito au mtupu, haikujali. Lakini mara tano kati ya zile sita zilikuwa asubuhi za Jumatano na Jumamosi, yaani siku za soko letu la mjini, na jioni iliyotangulia baba mdogo alikuwa amelipwa na amejaza tangi hadi shingoni. Siku tulizosafiri na mafuta ya kubahatisha, ya shilingi mia tano tano, haikuzima kamwe.

Nilishikwa na butwaa. Gari linalokosa mafuta hasa wakati lina mafuta mengi! Ni sawa na mtu kufa kiu akiwa ndani ya ziwa.

Lakini daftari lilieleza pia yale majuma mawili ya koili mpya. Baada ya kuinunua, baba mdogo hakuwa na pesa ya kujaza tangi. Alitembea na mafuta kidogo majuma yote mawili. Haikuwa koili iliyoponya gari, ilikuwa ni umaskini.

Ile mara ya sita haikufanana na ndugu zake, na nisingependa kuificha. Siku hiyo tangi lilikuwa na robo tu, na pikapu ilikufa ghafla kwenye tuta, bila kikohozi. Tulipofuata mpango, cheche haikuwepo. Tukapata waya mwembamba wa koili umelegea. Aliyeiweka hakuukaza nati yake. Tukaukaza, tukaenda. Ugonjwa mmoja ulikuwa umezaliwa katika kutibu mwingine. Kama nisingeandika ilivyozima, ningeichanganya mara hiyo na zile tano na kila kitu kingevurugika.

Nilimpelekea mzee daftari. Alisoma kimya, akakirudisha kidole chake kwenye neno "full". "Jumamosi jazeni tangi," akasema. "Na nitaenda na nyinyi."

Jumamosi tukatoka Kombewa saa kumi na mbili asubuhi, yeye akiwa mbele na bakora yake. Tulikuwa tumeshapita Holo pikapu ilipoanza kikohozi chake. Ikazima. Tukasukuma kando. Cheche: ipo, ya buluu, inalia tik tik. Kabureta: kavu kama koo la Machi. Mzee akashuka taratibu, akaenda kwenye mdomo wa tangi, akatuonyesha ishara ya kunyamaza, akalegeza ule mpira wa tyubu.

Fsssssss.

Nailoni ilikuwa imenyonywa ndani ya shingo ya tangi kama shavu la mtu anayevuta uji moto. Hewa iliingia kwa sauti ambayo hata mama aliisikia kule nyuma. Mzee akafunga tena, kwa ulegevu, akasema piga stata. Ikapigwa kidogo, pampu ikajaza kabureta, injini ikawaka.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu wataikumbuka sheria ya Boyle: hewa iliyofungiwa, ikipewa nafasi kubwa zaidi bila joto kubadilika, shinikizo lake hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Tangi la gari lazima lipumue. Kila lita ya petroli inayotoka inataka lita ya hewa iingie kushika nafasi yake, na katika magari mengi ya zamani hewa hiyo hupitia kitundu kidogo kwenye kofia ya tangi. Ukikiziba, tuseme tangi ni la lita 50 na limejazwa mpaka zikabaki lita 4 tu za hewa. Kutoka Kombewa hadi karibu na Kisian pikapu hunywa kama lita 2. Zile lita 4 za hewa sasa zimetandazwa kwenye nafasi ya lita 6, na shinikizo limeshuka hadi theluthi mbili. Pampu ya Peugeot yetu ni kiwambo cha mpira kinachovutwa na injini. Haina ubavu wa kushindana na tangi linalovuta kwa upande wake. Lakini tangi likiwa na lita 15 za petroli, kuna lita 35 za hewa. Tumia lita 2, hewa inatoka 35 hadi 37, na shinikizo halipungui hata kwa asilimia 6. Pampu haihisi chochote. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu petroli nayo hutoa mvuke, na ile nailoni ilikuwa ikivuja kidogo kidogo. Kule kuvuja ndiko kulikoifanya gari iwake baada ya robo saa.

Na sasa unaona kwa nini mafundi watatu walishindwa. Kila mmoja alianza kwa kufungua tangi kuangalia kama kuna mafuta, na kwa kufungua huko alimponya mgonjwa kabla ya kumpima. Yule aliyeiacha inguruma gereji saa nzima hakufika popote, kwani injini isiyobeba gari hunywa kidogo mno. Hata pampu ya zamani haikuwa na kosa.

Kama ungesikiliza tangi lako na usisikie sauti yoyote, basi rudi kwenye filta, paipu na takataka za tangini. Gari la dizeli, kama yale malori ya Isuzu yanayopita hapa na mchanga, halina plagi wala koili ya cheche, lakini tangi lake nalo lazima lipumue, na filta iliyoziba au hewa inayoingia kwenye paipu hulizima vivyo hivyo.

Nimebakisha jambo moja ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka. Nailoni ile ilitoka wapi?

Mwezi wa Aprili tuliishiwa na mafuta njiani. Mimi ndiye niliyemimina petroli ya mtungi, na mimi ndiye niliyeiweka kofia ya tangi juu ya bampa nikaisahau. Ilianguka mahali kati ya hapo na nyumbani. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya sokoni ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, sikupata mfuko, nikakata nailoni nzito iliyo ndani ya gunia la mbolea. Nikaikunja mara mbili, nikaifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikavuta kwa nguvu zangu zote ili petroli isimwagike. Nilijivunia kazi hiyo. Baba mdogo akasema, "Sawa, tutanunua ingine," na hatukununua. Tuliizoea kiasi kwamba hakuna aliyeiona tena. Mzee aliniambia pia kwamba tulikuwa na bahati, maana wengine huziba kwa kitambaa, na kitambaa kilicholowa petroli ni utambi unaongoja kiberiti.

Pale kando ya barabara nilitaka ardhi inimeze. Nikasema, "Baba, ni mimi nilifunga." Baba mdogo akanitazama, akamtazama mzee, akatazama barafu iliyokuwa ikidondoka kwenye sanduku la mama. "Panda gari," akasema. "Samaki wanaharibika."

Tulinunua kofia ya mtumba siku hiyo hiyo kule Kibuye. Mzee aliishika juani akachungulia: kitundu chake kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka. Akamwomba mama pini, akakizibua, ndipo akaturuhusu kulipa. Muhula wa tatu nilifungua shule pamoja na wenzangu. Ile koili ya zamani tuliirudisha kwenye gari kuijaribu, na mpaka ninapoandika haya bado inafanya kazi. Ile mpya imefungwa kwenye gazeti chini ya kiti.